Kompyuta ya zamani imefika mbovu? Anza na boksi

Ukipigiwa simu na mtu uliyemtumia kompyuta ya mezani, akakwambia "imefika lakini haiwaki", usikimbilie kumuuliza skrini inaonyesha nini. Muulize boksi likoje. Kona zimebonyea? Upande upi? Akilitikisa taratibu kabla ya kulifungua, anasikia nini? Maswali hayo matatu yameniokolea saa nyingi za kubahatisha kuliko mita ya kupimia umeme.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba mashine nyingi hufika mbovu huku kasha, yaani gamba la nje la kompyuta yenyewe, halina hata mkwaruzo. Kilichoivunja kilikuwa ndani yake tangu ilipofungwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Watu hununua plastiki ya viputo mita kumi wakaizungushia kasha, lakini hawafungui ubavu kutazama kilichoning'inia ndani.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, jinsi mpokeaji anavyozikuta. Kama wewe ndiye unayefunga mzigo, soma kila dalili ukirudi nyuma: sababu yake ndiyo kazi unayopaswa kuifanya leo, kabla hujakata selotepu.

## Boksi zima, kasha zima, lakini ndani kunagonga

Usiwashe. Onyo hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, kwa sababu mtu amesubiri mzigo wiki tatu na mkono unamwasha. Skrubu moja iliyolegea ikilala juu ya madabodi (ubao mkuu wa saketi) yenye umeme inatosha kugeuza tatizo la dakika tano kuwa la kununua madabodi nyingine. Laza kasha, fungua ubavu, tafuta kinachogonga.

Mara nyingi utakuta ni kipoza joto cha prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote. Mashine za katikati ya miaka ya 2000 zilikuja na prosesa zenye joto kali, na wenyewe wakazifungia vipoza vikubwa vya shaba na alumini. Vingine huzidi gramu 700. Kwenye soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA775 iliyotoka mwaka 2004, kipoza kinachokuja na prosesa hushikiliwa na vijiti vinne vya plastiki vilivyosukumwa kwenye matundu ya madabodi. Kasha likisimama, uzito wote huo unaning'inia pembeni kama begi lililotundikwa kwenye msumari.

Piga hesabu kidogo. Boksi likianguka kutoka sentimita 76 na kusimama ndani ya sentimita moja tu ya kubonyea, kila kilichomo hupokea nguvu ya wastani wa mara 76 ya uzito wake. Kipoza cha gramu 700 kinavuta madabodi kana kwamba kina kilo 53. Likianguka kwenye sponji inayobonyea sentimita nne kabla ya kusimama, nguvu hushuka hadi mara 19, yaani kilo 13 hivi. Hapo utaona kwa nini unene wa sponji una maana, na kwa nini hata sponji nzuri haiwezi kuokoa kitu kizito kilichoshikwa na plastiki. Kilo 13 juu ya vijiti vinne vilivyopikwa na joto kwa miaka 15 bado ni nyingi.

Kwa hiyo kipoza kikubwa kitolewe, kifungwe peke yake, na kiwekwe nje ya kasha ndani ya boksi hilohilo. Kuna mtego hapa. Kwenye soketi za zamani ambazo prosesa ndiyo yenye pini, kama Socket 478 ya Intel au 754 na 939 za AMD, ute wa kupitishia joto ukikauka hushika kama saruji. Ukivuta kipoza juu kwa nguvu, prosesa inachomoka nacho huku kufuli ya soketi bado imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine dakika kumi kwanza ute upate joto, zima, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia mpaka kiachie chenyewe. Ndipo unyanyue.

Kipoza kidogo cha kawaida kinaweza kubaki. Jaza nafasi kati yake na ubavu wa kasha kwa kipande cha sponji kilichofungwa kwenye plastiki ya waridi, ile isiyozalisha umeme tuli. Kiguse tu, kisisukume. Nimewahi kupokea mashine iliyoshindiliwa magazeti ndani mpaka ubavu umevimba. RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda, ilikuwa imepinda ndani ya sloti zake.

Wa pili kwa kugonga ni kadi ya video. Ndefu hushikwa na skrubu moja upande wa nyuma, na mwisho wake wa pili haushikwi na chochote. Itoe. Iweke kwenye mfuko wa fedha wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji, kisha kijiboksi. Prosesa za kartiriji za Slot 1, za Pentium II na Pentium III za mwanzo, nazo zichomolewe. Zimesimama wima kwenye madabodi kama vitabu kwenye rafu.

Wengine watakwambia uache kadi ndani na ulaze kasha ubavu, madabodi iwe chini, ili kadi zisimame wima. Ni wazo zuri mpaka boksi linapoondoka mikononi mwako. Mshale wa "upande huu juu" ni ombi tu, na anayepanga mizigo kwenye lori hapokei maombi. Funga ukijua boksi litalala kila upande.

Diski kuu ya inchi 3.5 ina nusu kilo hivi. Angalia kama imekazwa kwa skrubu nne, mbili kila upande. Mafundi wengi, nami nimo, huweka mbili za upande mmoja kwa sababu ule mwingine hauonekani bila kufungua ubavu wa pili. Mezani haina shida, njiani ni nyundo.

## Plastiki ya mbele imepasuka, miguu imevunjika

Hapa boksi lenyewe litakupa ushahidi. Kama kona imebonyea upande uleule uliopasuka, nafasi kati ya kasha na boksi ilikuwa ndogo. Kama boksi ni zima kabisa na plastiki imepasuka, mashine ilikuwa inacheza ndani.

Plastiki hizi za rangi ya maziwa ni za aina ya ABS iliyochanganywa na kemikali za bromini za kuzuia moto. Kwa miaka ya joto na mwanga hugeuka manjano, na kibaya zaidi, huwa kavu kama biskuti. Vibanio vya ndani ndivyo hukatika kwanza. Tena uso wa mbele wa kasha umejitokeza milimita kadhaa mbele ya bati, kwa hiyo ndio unaogusa ukuta wa boksi kabla ya kitu kingine chochote. Miguu ni vivyo hivyo upande wa chini.

Dawa ni kuhakikisha uzito unakaa kwenye bati. Kata sponji ngumu iwe kama fremu ya dirisha, ibebe kingo za bati na kuacha uso wa plastiki ukielea katikati bila kuguswa. Chini fanya hivyohivyo: toboa sponji pale miguu inapokaa. Kuhusu kuutoa uso kabisa, shauri langu ni kwamba ukiwa umefungwa kwa skrubu, utoe; ukiwa umeshikwa na vibanio vya zaidi ya miaka 20, uache. Kuutoa ndiko kutakakouvunja.

Halafu kuna boksi lenyewe. Tumia mawili, moja ndani ya jingine, na angalau sentimita tano za kitu kinachobonyea kila upande kati yao. Kipimo kinachotumika sana viwandani, ISTA 1A, huangusha furushi lisilofika kilo 10 hivi kutoka sentimita 76, mara kumi: kona moja, kingo tatu, na pande zote sita. Sikwambii ukaiangushe ya kwako. Ila lenga macho kwenye mpangilio huo: furushi haliangukii chini ya kitako peke yake, na kona ndipo nguvu yote hukusanyika mahali padogo kuliko kote. Kabla ya kufunga, zishike kona zote nane za boksi kwa vidole na ubonyeze. Zikirudi ndani kirahisi, ongeza kitu hapo.

Boksi liwe jipya. Katoni iliyowahi kuloa ikakauka inaonekana sawa lakini imeshapoteza ukakamavu wake. Magazeti yaliyofinyangwa hubonyea mara moja na hayarudi. Baada ya anguko la kwanza una boksi lenye tundu. Punje za stairofomu nazo hukimbia: mtikisiko wa safari huzisukuma pembeni, na kitu kizito huzama taratibu mpaka sakafuni. Mpokeaji hukuta punje zote juu na kompyuta imekaa juu ya karatasi tupu. Zile zilizobaki zimeingia kwenye matundu ya feni, zimejaa umeme tuli, zimeng'ang'ania kila kadi.

Usibandike selotepu moja kwa moja kwenye kasha. Itang'oa rangi, na kwenye mashine ya zamani itang'oa nembo ambayo huenda ndiyo mnunuzi aliyoipendea. Zungusha nailoni nyembamba kwanza.

Utakapopima boksi hili kubwa utashtuka. Wasafirishaji wengi wa ndege hutoza kwa uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 24, hata kama mizani inasema 13. Hewa hiyo ndiyo unayoinunua, na ndiyo inayolinda. Kama bei inakuuma, toa vitu ndani ya kasha uvitume kando. Usipunguze sponji.

## Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Habari njema. Mara nyingi kitu kimetoka mahali pake tu. Sikiliza milio. Kwenye BIOS (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta) za kampuni ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni kadi ya video. Mlio unaojirudia bila kukoma kwa kawaida ni RAM. Chomoa, futa meno yake kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, rudisha mpaka usikie vibanio vinashika.

Kwenye mashine za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 kuna aina nyingine: chipu zenye safu mbili za miguu zilizokaa kwenye soketi huku madabodi ikipata joto na kupoa kila siku. Kwa miaka huwa zinapanda juu kidogo kidogo, na mtikisiko wa lori humalizia kazi. Weka madabodi juu ya kitu laini na ubonyeze kila chipu kwa kidole gumba. Utasikia mkwaruzo mdogo zikirudi. Nimefufua mashine mbili kwa njia hiyo nikajiona daktari bingwa.

Tahadhari moja: soketi za SIMM, aina ya zamani ya RAM, zenye vibanio vya plastiki. Vikikatika havina badala. Kama kipande cha RAM kimekaa vizuri na kimefika salama, usikiguse kwa kuwa umeambiwa "chomoa kila kitu".

## Saa imerudi mwaka 1980 na diski haionekani

Mpokeaji hudhani diski imekufa. Pengine ni betri.

Tangu IBM ilipotoa PC AT mwaka 1984, kompyuta za kizazi hicho huhifadhi mipangilio yao kwenye kumbukumbu ndogo inayoshikiliwa na betri. Betri ikiisha au ikitikisika ikatoka, saa inapotea na mashine za DOS, mfumo endeshi wa kabla ya Windows, hurudi tarehe 1 Januari 1980, ambako hesabu ya DOS huanzia. Macintosh hurudi mwaka 1904. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba mashine zenye prosesa za 286 na 386 hupoteza pia maelezo ya diski: silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi. Bila namba hizo BIOS haijui diski ikoje, na kwa mtazamo wake diski haipo.

Kabla ya kuzima kwa mara ya mwisho, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, piga picha kila ukurasa, chapisha, na uweke karatasi ndani ya boksi. Kama diski ina lebo, piga picha lebo pia. Seagate ST-225 ya megabaiti 20, kwa mfano, ina silinda 615, vichwa 4 na sekta 17. Mpokeaji mwenye namba hizo hufufua mashine kwa dakika mbili. Asiye nazo atahangaika na orodha ya aina za diski mpaka akate tamaa aitupe.

Sasa betri yenyewe, kwa kuwa si zote zinafanana. Ya kitufe, CR2032 ya volti 3, iache mahali pake. Ya pipa la nikeli na kadimi, iliyochomelewa kwenye madabodi nyingi za 286 hadi 486 na za baadhi ya kompyuta za Amiga, itoe kabla ya safari, leo hii, hata kama haijavuja. Huvuja maji ya alkali yanayokula njia za shaba, na madabodi iliyolazwa kichwa chini njiani hutiririsha maji hayo kwenye chipu na sloti. Ukikuta unga wa kijani au bluu, futa kwa siki kidogo ili kuua alkali, kisha suuza kwa spiriti na uache ikauke. Betri ndogo za lithiamu za volti 3.6 zilizokuwa kwenye Macintosh nyingi zina tabia mbaya zaidi: zikipasuka huozesha hadi bati la kasha.

## Diski inatoa tik-tik, au inalia kama jiwe la kusagia

Hii sasa ni diski kweli. Diski za katikati ya miaka ya 1990 kuendelea hujiegesha zenyewe: umeme ukikatika, vichwa vya kusomea hurudi mahali salama. Zikiwa zimezimwa huvumilia mshtuko kuliko watu wanavyodhani. Za zamani zaidi zenye mota inayosogeza vichwa hatua kwa hatua, kama ileile ST-225, hazijiegeshi. Ukizima tu, vichwa hubaki juu ya sahani pale vilipokuwa, na kila tuta la barabarani linavipigisha kwenye data.

Zina amri yao. Diski ya uchunguzi ya IBM ilikuwa na chaguo la kuiandaa mashine kwa kuhamishwa, na watengenezaji wengine walitoa programu iliyoitwa PARK. Iendeshe, ikikwambia uzime, zima, na usiwashe tena. Hapa ndipo watu huharibu: wanaegesha vizuri, halafu mmoja anawasha "nihakikishe inafanya kazi" kabla ya kufunga boksi. Vichwa vimetoka tena.

Kwa diski ya umri wowote, nakili data kabla ya safari. Na kama data si ya kumfikia mpokeaji, ifute kabisa au utoe diski. Hakuna sponji inayolinda siri.

Nikiwa bado kwenye diski: drevu ya flopi ya inchi 5.25 ina vichwa viwili vinavyotazamana, na vikigongana njiani hupoteza mpangilio. Ingiza kipande cha katoni cha ukubwa wa flopi, au flopi isiyo na kazi, ufunge mlango. Ya inchi 3.5 iache tupu. Toa CD yoyote iliyosahauliwa.

## Kishindo, moshi au harufu mara tu ikiwashwa

Tenganisha mambo matatu, kwa kuwa moja tu ndilo linalohusu kufunga.

La kwanza ni swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai, yenye 115 na 230. Mashine iliyokuwa kwenye nchi ya volti 115, ikachomekwa kwenye 230 bila swichi kugeuzwa, hutoa kishindo na kufa papo hapo. Kinyume chake haina madhara, haiwaki tu. Ukiwa mtumaji, bandika karatasi juu ya tundu la waya wa umeme, imlazimu mtu kuibandua kabla ya kuchomeka.

La pili ni unyevu. Mashine iliyotoka kwenye baridi ya ndege au ghala ikafunguliwa kwenye chumba chenye joto hutokwa jasho ndani na nje. Boksi likae chumbani saa 24 likiwa bado limefungwa. Vipakiti vya silika vinasaidia njiani lakini haviondoi haja ya kusubiri.

La tatu si kosa la mtu. Pawa saplai nyingi za miaka ya 1980 zina kapasita za karatasi zenye ganda angavu la manjano, maarufu kwa jina la RIFA. Ganda hupata nyufa, karatasi hunywa unyevu, na dakika kadhaa baada ya kuwashwa kapasita hupasuka na kujaza chumba moshi unaonuka vibaya. Ajabu ni kwamba kompyuta yenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwambie mnunuzi mapema, usije ukalipishwa kwa kosa la kemia. Pawa saplai haifunguliwi na asiye fundi. Hushika chaji hata ikiwa imechomolewa.

## Monita ya chogo: imepoteza picha, au rangi zimeota mabaka

Kwanza jiulize kama kweli unataka kuituma. Ya inchi 17 ina kilo 15 hadi 20, na karibu uzito wote uko upande wa kioo cha mbele. Nyuma kuna shingo nyembamba ya kioo kama ya chupa ya dawa, na ubao mdogo wa saketi umening'inia kwenye ncha yake. Anguko ambalo kompyuta ingelivumilia hukata shingo hiyo.

Ikikatika, hewa huingia na tyubu imekwisha. Huhitaji kuiwasha kujua: kwenye shingo kuna doa la rangi ya fedha kwa ndani. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Usihangaike tena, na usijaribu kuifungua zaidi.

Kama picha ipo lakini imeinama upande mmoja, koili iliyozunguka shingo imezunguka kidogo. Fundi wa monita hurekebisha. Mabaka ya zambarau na kijani mara nyingi ni usumaku tu. Bonyeza kitufe cha kuondoa usumaku, subiri nusu saa, rudia. Yasipoondoka baada ya mara kadhaa, bati lenye matundu lililo ndani ya kioo limehama, nalo halirudi.

Ukiamua kuituma, toa kitako kinachozunguka, kwa kuwa ndicho hupenya plastiki kutoka chini. Laza uso chini juu ya sponji ngumu ya sentimita nane au zaidi inayoshika kingo, uzito ukae pale kioo kilipo kinene. Jaza pande zote za chogo ili lisicheze, lakini usiache kitu chochote kisukume ncha ya nyuma. Monita isiwahi kukaa boksi moja na kompyuta. Kilo 18 zenye kona, zikikutana na kasha la biskuti nililolisema hapo juu, matokeo unayajua.

## Alama za mistari kwenye plastiki, kama imeyeyuka

Waya wa kibodi au wa puku (mausi) ulizungushwa juu ya kasha na kuachwa miezi. Mpira laini wa nyaya una mafuta ya kulainisha, nayo huhamia kwenye plastiki ya ABS na kwenye stairofomu na kuziyeyusha taratibu. Alama haitoki. Kila waya uwe kwenye mfuko wake. Mipira ya kufungia noti isitumike kabisa. Huyeyuka na kunata.

## Mzigo haujafika: umekwama

Hapa boksi ndilo lenye kesi. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, ulibadilishwa, na tangu 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, hatari na zisizo hatari, zinahitaji idhini ya nchi inayopokea kabla hazijavuka mpaka. Kompyuta ya zamani inayofanya kazi si taka, lakini afisa wa forodha anaamua kwa anachokiona. Miongozo ya mkataba huo inataja kifungashio kisicholinda kama mojawapo ya dalili kwamba kilichomo ni taka. Boksi bovu linaweza kukuzuilia mzigo hata kama halijavunja chochote. Weka tamko kwamba mashine imejaribiwa na tarehe yake, aina na namba yake ya utambulisho, na ankara.

Betri nazo huzuia. Betri ya kitufe iliyomo ndani ya mashine husafiri kwa ndege bila lebo maalumu ya lithiamu. Mwenye nia njema akiitoa na kuiweka kwenye mfuko pembeni, imegeuka betri ya lithiamu iliyotengana na kifaa, aina isiyoruhusiwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana nilisema iache mahali pake.

## Inawaka vizuri, baada ya dakika chache inazima

Mpokeaji hajatoa sponji uliyomwekea ndani. Feni imesongwa, joto limepanda, mashine imejizima ijiokoe. Kwenye prosesa za zamani zisizojua kujizima, ingeungua. Hili kosa ni la mtumaji, kwa kuwa mtu anayepokea kompyuta iliyofungwa skrubu hana sababu ya kudhani kuna kitu kimefichwa ndani.

Chukua karatasi moja, kalamu nene, ubandike juu ya kasha lenyewe wala si juu ya boksi, maana boksi litatupwa. Mimi huandika hivi: "USIWASHE. Fungua ubavu wa kushoto. Toa sponji mbili. Rudisha kadi ya video na kipoza, vimo kwenye kijiboksi cha buluu pamoja na skrubu sita. Angalia swichi ya volti. Ukiona skrubu zimebaki tano, nipigie kabla hujafanya lolote."